Moshi na Akiba ya Nyumba

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Siku hizi methali hiyo hutajwa zaidi katika mambo ya fedha, lakini fedha hazina desturi ya kuoza. Kilichowasumbua wahenga ni chakula. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ilianza kunuka kesho yake. Samaki waliovuliwa alfajiri waliharibika kabla ya magharibi. Nafaka iliyovunwa kwa jasho ilitobolewa na fukusi kabla ya mvua kurudi. Ili methali hiyo iwe ya kweli, ilibidi kwanza watu wapate njia ya kuifanya akiba isioze. Katika nchi nyingi za Afrika, na katika sehemu nyingine nyingi za dunia, njia mojawapo iliyo kuu ilikuwa moto na moshi wake.

Vitabu vyetu vya historia vimejaa habari za wafalme, vita, mikataba na safari za wageni. Hayo ni mambo ya kujifunza, wala siyadharau. Lakini kila jeshi lililokwenda vitani lilikula, kila msafara uliotoka bara kwenda pwani ulihitaji masurufu, na kila nyumba iliyookoka katika mwaka wa njaa ilikuwa na kitu kilichowekwa mahali. Aliyekiweka hakuandikwa jina. Katika insha hii nitaeleza historia ya kazi mbili za moto wa nyumbani: kuchoma chakula cha leo, na kukausha chakula cha kesho. Kazi ya kwanza imepata sifa karibu zote, ilhali ya pili ndiyo iliyolinda uhai wa watu. Tena kazi hiyo ya pili ilikuwa na gharama, nayo gharama hiyo ililipwa kwa macho na mapafu ya mama wa jikoni.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwa kuwa lugha ni shahidi mwaminifu. Kiswahili hakina neno moja tu la kazi hii. Kuchoma ni kuweka chakula juu ya makaa au karibu na moto mpaka kiive. Kubanika ni kukishika chakula, hasa nyama na samaki, kwa mti uliopasuliwa au kukitandaza juu ya fito, kisha kukiacha penye joto na moshi kiive au kikauke polepole. Kuvumbika ni kukifukia chakula katika jivu la moto, kama tufanyavyo viazi vitamu, mihogo na ndizi. Kuoka ni kupika kwa joto kavu lililozunguka chakula pande zote. Jukwaa dogo la fito linalowekwa juu ya moto huitwa uchaga, na samaki aliyepasuliwa akakaushwa ana jina lake mwenyewe, ng'onda. Watu hawabuni maneno mengi kwa jambo wasilolijali.

Je, mambo haya ni ya kale kiasi gani? Dalili za kwanza ziko katika nchi yetu. Huko Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vipande vya udongo uliookwa kwa moto pamoja na zana za mawe na mifupa ya wanyama, vyenye umri wa miaka ipatayo 1,400,000. Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, yalionekana mabaka ya udongo mwekundu ulioungua, ya miaka 1,500,000 hivi. Wataalamu wangali wakibishana kama moto huo ulitunzwa na viumbe waliotutangulia, au ulikuwa moto wa nyika tu uliopita ukaenda zake. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitangazwa mwaka 2012 kutoka pango la Wonderwerk, katika Afrika Kusini. Ndani ya pango hilo, kiasi cha mita 30 kutoka mlangoni, mahali ambapo moto wa radi hauwezi kufika, yalikutwa majivu ya mimea na vipande vya mifupa iliyoungua, vyenye umri wa miaka 1,000,000 hivi. Mtu, au ndugu yake wa kale, aliupeleka moto ndani kwa mikono yake.

Wala hawakupika nyama peke yake. Mwaka 2020 wachunguzi walieleza kwamba katika Pango la Border, huko KwaZulu-Natal, watu wa miaka 170,000 iliyopita walipika mizizi minene ya mmea wa porini, na baadhi yake ikabaki katika majivu ya meko ikiwa makaa. Mwaka 2022 wengine walieleza habari za meno ya samaki wakubwa yaliyokutwa kando ya mto Jordan, katika nchi ya Israeli. Meno hayo yaonyesha kwamba samaki hao walipikwa kwa joto la kadiri miaka 780,000 iliyopita. Kama wangetupwa motoni ovyo, meno yangepata joto kali zaidi. Basi mtoto avumbikaye kiazi katika jivu, na mvuvi abanikaye samaki ufukoni, wafuata kazi iliyo kongwe kupita kilimo, kupita ufugaji, na kupita kila mji uliopata kujengwa duniani.

Ni nini hasa kinachotendeka chakula kinapokaa juu ya moto? Nyama mbichi na samaki wana maji mengi, kiasi cha robo tatu ya uzito wao au zaidi. Maji hayo ndiyo makao ya vijidudu viozeshavyo. Kijidudu bila maji hakiwezi kula wala kuzaa. Joto la moto huua vijidudu vingi na kuyafukuza maji. Chumvi nayo huyavuta maji nje ya nyama. Moshi huongeza ulinzi wa namna nyingine. Ndani yake mna vitu vya kikemia kama vile asidi, fenoli na fomaldehaidi, ambavyo hukaa juu ya ngozi ya chakula vikazuia vijidudu kushika. Fenoli huchelewesha mafuta yasichache. Mzee aliyesema kwamba nyama iliyokaa motoni inakuwa na nguvu hakuyajua majina hayo, lakini aliujua ukweli wake.

Na ile rangi ya kahawia na harufu inayomvuta mpita njia ina maelezo yake. Mwaka 1912 mtaalamu wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza jinsi sukari na viungo vya protini vinavyoungana katika joto na kugeuka rangi. Muungano huo ndio uzaao harufu ya nyama choma, ya mkate na ya mahindi ya kuchoma. Chakula cha kuchemsha hakiipati, kwa kuwa maji hayapandi joto kupita nyuzi 100, na muungano huo wataka joto kavu zaidi ya hapo ili uende upesi.

Sasa tuzitazame nchi zetu, tuone kwa nini watu walichagua njia mbalimbali. Mahali penye jua kali, upepo na chumvi, moshi hauna kazi kubwa. Katika pwani yetu samaki alikuwa chakula kikuu tangu zamani za miji ya kwanza. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wa huko walikula zaidi ndizi na samaki. Samaki wa ziada walipasuliwa, wakatiwa chumvi ya bahari, wakaanikwa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni yalileta tende, na papa aliyekaushwa kwa chumvi na jua, ambaye harufu yake ilimtangulia bandarini.

Katika kaskazini ya Kenya, nchi ya jua na ukame, Waborana, Wasomali na wafugaji wengine waliikata nyama vipande virefu vyembamba, wakaianika, kisha wakaikatakata vidogo, wakaikaanga sana na kuihifadhi katika samli au mafuta. Chakula hicho, kijulikanacho na wengi kwa jina la nyirinyiri, chaweza kukaa miezi mingi na kubebwa juu ya ngamia bila kuharibika. Hapo mafuta yalifanya kazi ya kifuniko, yakaizuilia nyama hewa na unyevu.

Lakini katika nyanda za juu zenye ukungu, katika misitu, na kando ya maziwa ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi, jua haliaminiki. Huko moshi ndio uliokuwa jua la ndani ya nyumba. Katika nyumba ya Kikikuyu ya zamani palikuwa na uchaga juu ya meko, ulioitwa itara, ambapo kuni zilikaushwa na vitu vya kuhifadhiwa viliwekwa. Jamii nyingine nyingi zilikuwa na uchaga kama huo kwa majina yao. Mbegu za kupanda, hasa mahindi katika maganda yake, zilitundikwa juu ya moto zikawa nyeusi kwa masizi, na fukusi hawakuzipenda. Yafaa tulitafakari jambo hili. Katika mwaka wa njaa mtu aliweza kula kila kitu, lakini akila mbegu amekula na mwaka ujao. Mbegu ile iliyotundikwa motoni ilikuwa ndiyo shamba la kesho, na mlinzi wake alikuwa mwanamke aliyeuwasha moto kila siku.

Kuchoma nyama, kwa upande mwingine, kulikuwa kazi ya nje na aghalabu ya wanaume. Wamaasai walikuwa na desturi, ambayo haijafa, ya wanaume kwenda porini katika kambi ya kula nyama iitwayo olpul. Huko nyama hushikwa kwa miti na kuchomwa kando ya moto, na supu hutiwa magome na mizizi ya dawa. Desturi kama hizi zilikuwa na akili yake. Ng'ombe mmoja ni mzigo mkubwa kwa nyumba moja, na nyama haingoji. Ukiwaita majirani wakala nawe leo, nao watakuita watakapochinja wao. Kwa njia hiyo tumbo la jirani lilikuwa ghala, na deni la ukarimu lilikuwa akiba. Kuchoma kuliwafundisha watu kugawana. Kukausha kuliwafundisha kungoja. Jamii iliyokosa mojawapo ya mafundisho hayo haikuweza kudumu.

Hapa hatuna budi kuvuka bahari kwa muda mfupi, kwa sababu vyakula vingi tuvichomavyo leo si wenyeji wa Afrika. Mahindi, mihogo na viazi vitamu vilitoka Amerika. Vilianza kufika pande zetu baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi, mwishoni mwa karne ya 15, na kuenea kwake kulichukua miaka mingi. Watu waliovilima kwanza huko kwao walikuwa mafundi wa moto kama sisi. Christopher Columbus alifika visiwa vya Karibi mwaka 1492, na Wahispania waliomfuata waliwakuta Wataino wakibanika chakula juu ya uchaga wa miti. Jina la uchaga huo waliliandika barbacoa, na kutoka hapo limeenea katika lugha nyingi za dunia kuwa jina la nyama ya kuchoma. Katika Brazili, Watupi walikuwa na uchaga wao, na Wafaransa wakalipokea jina lake kwa matamshi ya boucan. Katika karne ya 17 wawindaji wa kizungu waliokuwa katika kisiwa cha Hispaniola waliwinda ng'ombe na nguruwe wa mwitu, wakaikausha nyama yao kwa moshi na kuwauzia mabaharia. Waliitwa boucaniers, yaani watu wa uchaga. Baadaye wengi wao waliingia katika unyang'anyi wa baharini, na jina la wakausha nyama likageuka jina la maharamia.

Hapa kwetu mazao hayo mageni yalipokewa na moto wa zamani. Muhogo ulichomwa ukapasuliwa, ukatiwa pilipili na ndimu, hindi bichi liligeuzwageuzwa juu ya makaa, kiazi kilivumbikwa. Pwani, ambako mapishi ya Waafrika, Waarabu na Wahindi yalikutana katika chungu kimoja, nyama ilikatwa vipande vidogo, ikalowekwa katika tangawizi, thomu na ndimu, ikatungwa katika vijiti na kuitwa mishkaki. Mpishi hodari huongeza papai bichi lililosagwa, maana utomvu wake una kimeng'enya kivunjacho protini na kuilainisha nyama ngumu. Papai nalo lilitoka Amerika. Hivyo kijiti kimoja cha mishkaki kina historia ya bahari mbili.

Mabadiliko makubwa yalikuja na reli. Ilifika mahali pa Nairobi mwaka 1899 na mwambao wa Ziwa Victoria, huko Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Kabla ya hapo nyama na samaki wa moshi walikuwa mali ya nyumba na ya soko la jirani. Sasa palikuwa na miji ya watu wa mshahara wasiokuwa na ng'ombe wala shamba karibu, ambao walitaka kununua chakula kila siku. Kazi ya moshi ikaanza kutoka jikoni na kuingia kiwandani. Walowezi walijenga kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Uplands, karibu na Limuru, na katika kiwanda cha namna hiyo fundi wa moshi si mama tena bali ni kibarua. Mwezi wa Septemba 1947 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma. Polisi wakafyatua risasi, na watu watatu wakauawa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliunda Halmashauri ya Nyama ya Kenya, iliyokuwa na kiwanda huko Athi River, ambacho kilitia nyama katika makopo. Friji nazo zikaja baadaye katika nyumba za wenye uwezo. Mambo hayo yalipunguza haja ya moshi mjini. Lakini kuchoma hakukupungua, kulizidi. Nyama choma ya kupimwa kwa kilo, pamoja na ugali na kachumbari, ikawa chakula cha starehe cha taifa zima, hata mtu wa pwani na mtu wa bara wakikaa meza moja hawahitaji kuulizana watakula nini.

Basi je, kukausha kwa moshi kulikufa? La. Tazama Ziwa Victoria, ambako kazi hiyo ilikutana na jaribu kubwa kuliko yote. Zamani wavuvi wa ziwa walivua ngege na samaki wengine wadogo wengi. Samaki hao hawakuwa na mafuta mengi, na wengi waliweza kukaushwa juani. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 samaki mgeni alitiwa ziwani. Ndiye aitwaye mbuta kwa Kijaluo na sangara na wenzetu wa Tanzania, samaki mla samaki ambaye uzito wake waweza kuzidi kilo 100. Kwa muda hakuonekana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka kwa kishindo. Mamia ya aina za samaki wadogo, ambao Wajaluo huwaita fulu, yalipungua sana au yakatoweka.

Wanawake wa ufukoni, ambao ndio waliokuwa wauzaji na wahifadhi wa samaki, walijikuta na mali ngeni mikononi. Mbuta ni mkubwa, tena ana mafuta mengi. Ukimwanika juani mafuta huchacha na nyama huoza kabla ya kukauka. Samaki mmoja akioza wote huoza, na hasara ya mtumbwi mzima humwangukia mchuuzi. Wakageukia moto: kumkata vipande na kumkausha kwa moshi, au kumkaanga. Ujuzi wa zamani ukaokoa biashara mpya. Lakini jua hutolewa bure, na moshi hautolewi bure. Kila kikapu cha samaki kilidai kuni, na miti ya mwambao ikaanza kulipa deni ambalo haikulikopa.

Kisha vikaja viwanda vya kukata minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo. Wenye viwanda waliweza kulipa bei ambayo mchuuzi wa kikapu hakuiweza. Minofu ikasafiri kwa ndege. Kwa wenyeji kikabaki kichwa na mifupa yenye nyama chache, ambayo watu, kwa uchungu na mzaha, waliipa jina la mgongo wazi. Mifupa hiyo nayo ilikaushwa au ikakaangwa, ikauzwa kwa maskini. Mwanafunzi wa historia aulizwapo jinsi biashara ya dunia inavyofika katika kijiji, na autafakari mgongo wazi. Chakula cha protini kilichokuwa mlangoni kilipanda bei mpaka aliyekaa kando ya ziwa akala kilichosazwa na aliye mbali.

Sasa lazima tuseme habari za gharama ya mwilini. Moshi uleule uuao vijidudu haubagui. Humdhuru na binadamu auvutaye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu 3,200,000 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa. Wanaoketi karibu na moto ni wanawake na watoto wao wadogo. Tena mafuta ya nyama yakidondoka juu ya makaa, hutoa moshi wenye kemikali ambazo baadhi yake zimethibitishwa kuwa zaleta saratani, nao hurudi juu ukashika chakula. Hizi si hadithi za kumtisha mtu aache nyama choma. Ni sehemu ya historia ambayo wenye kusifu mapishi ya kale huiruka.

Kwa bahati njema, akili ya mwanadamu haikukomea hapo, na msaada mmojawapo ulitoka Afrika yenyewe. Mnamo mwaka 1970 hivi, wanawake wakausha samaki wa Chorkor, mtaa wa wavuvi huko Accra, walishirikiana na wataalamu wa Ghana na wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kutengeneza tanuri lililoitwa kwa jina la mtaa huo. Ni tanuri la udongo au matofali, la pembe nne, lenye mlango wa kuni chini. Juu yake hupangwa trei za mbao zenye wavu, moja juu ya nyingine, hata kumi na zaidi, nazo hujifunga pamoja zikawa kama bomba la moshi. Joto lililopotea hewani katika njia ya zamani sasa hupita katika trei zote, na mkaushaji hubadilisha nafasi ya trei bila kuungua vidole. Kuni hupungua, na samaki huwa safi zaidi. Tanuri hilo limeenea katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2008 lilifuatwa na jingine huko Thiaroye, katika Senegali, ambalo lina sahani ya kukinga mafuta yasidondokee makaa, ili sumu za moshi zipungue. Hapa Kenya, katika miaka ya 1980, jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani lilianza kuenea mijini likapunguza makaa yaliyotumika.

Tukiyatazama hayo yote twaona fundisho. Wanawake wa Chorkor hawakuambiwa waiache kazi ya mama zao kwa kuwa ni ya kishamba. Wala hawakuambiwa waivumilie kwa kuwa ni ya asili. Waliulizwa wanafanyaje, wakaeleza, na maarifa yao yakaunganishwa na maarifa ya maabara. Hiyo ndiyo njia ya kuheshimu urithi.

Msomaji aweza kuyatumia mambo haya nyumbani kwao wiki hii. Afanyie kazi ya moshi nje, au chini ya paa lisilo na kuta. Achague kuni ngumu zilizokauka vizuri, kama za mgunga au mpera, wala asitumie mbao zenye rangi au dawa, au miti yenye sumu. Angoje miali ipungue yabaki makaa, ndipo aweke nyama, na kilichoungua kikawa cheusi akikate akitupe. Mboga zichomwe pamoja na nyama: bilingani, mahindi, viazi, ndizi, hazidondoshi mafuta, nazo hushibisha. Samaki wa kukaushwa apasuliwe, aoshwe, atiwe chumvi, na aive kweli kabla ya kukaushwa. Katika nchi zetu za joto moshi wa baridi utumiwao Ulaya, usiofika nyuzi 30, ni hatari, kwa sababu joto la namna hiyo huwalea vijidudu badala ya kuwaua.

Zaidi ya hayo kuna kazi nyingine iwapasayo vijana wa shule. Yako maarifa mengi ya moto ambayo hayajaandikwa. Bibi aliye kijijini anajua ni mti gani utoao moshi mtamu na upi utiao uchungu, mbegu ikae muda gani juu ya uchaga, na samaki akikauka sawasawa hulia sauti gani avunjwapo. Mambo hayo hayakuhifadhiwa kwa wino. Yamehifadhiwa katika vichwa vya watu wenye mvi, na vichwa havina uchaga wa kuviweka visiharibike. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu, anayejua kuuliza kwa adabu na kunyamaza asikilize, aweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja. Na pamoja na kuuliza, amjengee bibi huyo dirisha jikoni, au bomba la kutolea moshi, ili aishi kumweleza na yaliyobaki.